Taa ya Gari la Mwalimu

Taa iliwaka wakati betri iko mezani.

Mke wa Daktari aliitazama betri, akaitazama taa ya breki kwenye dashibodi, akasonya. Alikuwa fundi umeme wa magari, miaka kumi na minne ya kufukuzana na nyaya, na hakuwa mtu wa kutishwa na taa. Alishusha hendibreki mpaka chini. Akapima mafuta ya breki, yalikuwa yamejaa. Akang'oa hata balbu yenyewe, ndogo kama punje ya mahindi, akaitia mfukoni. Ile alama nyekundu ikaendelea kung'aa palepale, na harufu ya breki zilizoungua ikajaa ndani ya gari.

Daktari ni mumewe. Jina hilo alipewa na wateja, eti anaponya taa kwa dakika tano. Ije nyekundu, ije ya njano, yeye hukata kipande cha tepu nyeusi, akakibandika juu yake, akamwambia mteja aende salama. Mkewe alimwambia mpaka koo likamkauka: ya njano inasema nipime mapema, nyekundu inasema simama sasa hivi, zima gari, usisogee. Daktari alicheka tu. Alisema wanawake ni waoga.

Gari hili lilikuwa la mwalimu mmoja. Mwezi uliopita alikuja nalo, nyekundu inawaka, akauliza kwa adabu, "Fundi, hii taa ina maana gani?"

"Urembo tu, mwalimu," Daktari akajibu, tepu mkononi.

Kesho yake, kwenye mteremko wa darajani, mwalimu alikanyaga breki ikazama mpaka sakafuni. Hakutoka mzima. Na Daktari, bila haya hata chembe, akalinunua gari lilelile kwa mjane, akalinyoosha, akafunga breki mpya, akasema litampeleka binti yao shuleni. Hilo ndilo lililomchoma mkewe kuliko yote.

Asubuhi hiyo aliondoka kwenye gari akiwa amefura, akaenda kumwambia mumewe kwamba gari halitoki. Walipokuwa wakibishana mbele ya wateja watatu, binti yao wa miaka tisa akaingia kiti cha nyuma na begi lake, kama baba alivyomwagiza.

Milango ikajifunga yenyewe, tap, tap, tap, tap, na gari lisilo na betri, kwenye uwanja tambarare kama meza, likaanza kubingirika polepole kuelekea barabarani yanakopita malori, mama akikimbia ubavuni huku akivuta kitasa kisichofunguka, binti akipiga kioo kwa viganja viwili, midomo ikiita mama, mama, bila sauti yake kusikika nje. Sauti iliyotoka ilikuwa ya redio.

"Fundi, hii taa ina maana gani?"

"Simama!" mama akapiga kelele. "Maana yake simama!"

"Nimemuuliza yeye."

Daktari aliwatazama wateja kwanza. Mkewe aliliona jicho lile, na hasira ikampanda. Akamkwida shati.

"Jibu. Mwanao yumo ndani."

Daktari akaligeukia gari. "Breki," akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua ni breki."

Gari likasimama, tairi la mbele likiwa limeshagusa lami. Milango ikafunguka. Taa ikazima. Mama akamkumbatia mwanawe, na kwa saa kadhaa akadhani yamekwisha.

Mchana alimkuta mumewe bombani nyuma ya gereji, amevua shati, ananawa. Kifuani, upande wa moyo, alikuwa amebandika vipande viwili vya tepu nyeusi. Chini ya tepu kitu chekundu kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na ngozi yake ilinuka breki zilizoungua.

"Mume wangu," aliuliza taratibu, "hiyo ina maana gani?"

Daktari akavaa shati haraka, akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Hii? Urembo tu."

Akachukua ufunguo wa gari la mteja, aende kulijaribu barabarani. Mkewe hakuwa na chozi hata moja. Alikuwa na hasira tu.

"Simama," alimwambia.

Hakusimama.