Uzi wa Kijani Kwenye Kijito cha Baridi

Uzi ulikuwa wa kijani, mwembamba kama kamba ya kiatu, na jana yake haukuwapo.

Matrona aliuona alipoinama kuchota maji ya kuoshea samaki. Ulikuwa umefungwa kwenye shina la mwerebi, mti mdogo wa kando ya maji, ukateremka ukingoni na kuzama majini, pale pale kijito cha baridi kinapoingia katika mto mkubwa wa Kuskokwim. Matrona aliutazama, akatazama nyuma yake, kisha akajaza ndoo zake mbili na kuondoka. Hakumwuliza mtu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watu wa kambi walizoea kusema kwamba ukitaka kuisikia sauti ya Matrona, sharti kwanza umkanyage mguu.

Yalikuwa majira ya kambi ya samaki. Kila asubuhi Mjomba Wassillie alikwenda kutazama wavu, na Bibi Olinka aliketi mezani na uluaq, kisu chake cha mviringo, akiwapasua samoni. Kazi ya Matrona ilikuwa kuosha minofu, kuianika kwenye chanja, kisha kuihamishia kwenye nyumba ya moshi na kuchochea kuni.

"Hakikisha haigusani," Bibi alimwambia. "Minofu ikigusana, nje hukauka, ndani huoza."

Samaki hao ndio waliokuwa chakula chao cha majira ya baridi. Mwaka uliopita ofisi ya serikali inayosimamia samaki ilifunga mto, ikakataza uvuvi kwa wiki nyingi, chanja zikabaki nusu tupu. Kufikia mwezi wa pili, Bibi alikuwa akiwagawia kipande kimoja kimoja, naye mwenyewe akisema hana njaa.

Mchana wa siku ile alipouona uzi, mashua ya Nikolai, jirani wa ng'ambo ya mto, ilipita karibu na kambi. Nikolai alipunguza mwendo na kupaza sauti.

"We Wassillie! Nasikia ofisi imekuajiri! Ndilo sikio lao hilo ulilolizamisha kwenye kijito? Basi leo wavu wangu nautupa kwa kunyata, lisije likanisikia!"

"Nyata tu!" Mjomba alimjibu. "Kwa tumbo hilo, hata samaki walioko baharini wameshakusikia!"

Wakacheka wote wawili. Nikolai na Wassillie walikuwa watoto wa kaka na dada, na kwa watu wa mto huo mabinamu wa namna hiyo ni watani tangu kuzaliwa hadi kaburini. Matrona alijua hivyo. Ila jambo moja lilimkaa moyoni: Mjomba hakukana kwamba kulikuwa na sikio.

Tena alikuwapo Daktari Brenna, mtafiti aliyekuja barafu ya mto ilipovunjika mwishoni mwa majira ya baridi na kupanga chumba shuleni. Watoto walimwita Mama Vichwa. Alikuwa akipita kambi hadi kambi na sanduku la barafu, akiomba vichwa vya samaki.

"Bibi, leo utanigawia vingapi?"

"Mtu gani huyu anaacha mnofu anataka kichwa?" Bibi alimuuliza bila kuinua macho.

"Ndani ya kichwa kuna kijiwe kidogo, Bibi. Kina miduara kama ya shina la mti. Kinanieleza samaki huyu aliishi wapi na alikua vipi."

"Na supu yangu mimi itanieleza nini?" Hata hivyo Bibi alimpa viwili. "Mifupa uirudishe mtoni. Samaki anataka kurudi kwao."

"Nitairudisha."

Matrona alimtazama mgeni akipanda mashua yake, akajiuliza kama kweli atairudisha.

Wiki mbili zilipita, na joto likaja ambalo hata Bibi hakulikumbuka. Alhamisi moja, Matrona alipokwenda kuchota maji, alimkuta samoni amelala mchangani, hatua chache kutoka kwenye ule uzi. Alikuwa jike kubwa. Hakuwa na alama ya jino la dubu wala ya wavu. Matrona alimminya tumbo kidogo, yakatoka mayai, mekundu, mazima, mengi. Samaki huyu alikuwa ametoka baharini, akapanda mto siku nyingi ili atage, na sasa amekufa na mzigo wake wote.

Ofisi ikijua samaki wanakufa hapa, alifikiri, itafunga mto tena. Macho yake yakarudi kwenye uzi. Alifukua mchanga kwa mikono, akamfukia samaki upesi upesi, akanawa. Halafu akauvuta uzi.

Mwishoni mwake kulikuwa na kipande cha bomba kilichofungwa jiwe, na ndani ya bomba mlikuwa na kitu cheusi, kama kidole, chenye kitaa kilichowaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Matrona aliukata uzi kwa kisu. Jioni, baada ya kuongeza kuni kwenye nyumba ya moshi, alikitundika kile kitu juu kabisa, nyuma ya minofu.

"Haya, sikiliza moshi," alisema moyoni.

Kesho yake Mjomba alirudi kutoka kijitoni uso umemwiva.

"Uzi umekatwa," alimwambia Bibi. "Si panya wala mkondo. Ni kisu." Kisha akageuka kutazama ng'ambo ya mto.

"Umemwona aliyekata?" Bibi aliuliza.

"Nani mwingine anayekisema kile kifaa kila siku ya Mungu? Ni Nikolai."

Matrona alikuwa ameshika sahani ya biskuti. Aliiweka mezani polepole, akatoka nje.

Nikolai alipopita mchana na utani wake, Mjomba alimpa mgongo. "Vipi bwana, umemeza mfupa?" Nikolai alipiga kelele. Mjomba akaendelea kukunjua wavu. Siku ya pili aliita tena, sauti yake imepungua. Siku ya tatu alipita bila kuita, na siku ya nne alipitia upande wa mbali wa mto.

"Samaki hawapendi kugombaniwa," Bibi alinung'unika akinoa kisu. "Wakisikia ugomvi, hugeuza."

Wavu ulileta samaki tisa, kisha sita, kisha watatu. Matrona aliwahesabu, na kila hesabu ilimchoma.

Asubuhi ya siku ya sita, kabla ya chai, alikitoa kifaa kwenye moshi, akakirudisha majini na kuufunga uzi kwa mafundo mawili. Alidhani mambo yamekwisha. Lakini Mjomba alipokiona alizidi kuwaka. "Amekirudisha! Ananicheza huyu!"

Siku iliyofuata Daktari Brenna alifika. Alikitoa kifaa majini, akaweka kompyuta yake juu ya meza ya kupasulia, na mstari mwekundu ukatokea. Alikunja uso.

"Digrii kumi. Kumi na moja. Kisha hapa ishirini na nane! Mto hauwezi kuwa hivi, hata kwa joto hili. Kifaa kimeharibika, Wassillie. Nitalazimika kutupa kumbukumbu zote za wiki tatu."

"Usizitupe!" Mjomba alisema. "Mkutano na ofisi ni kesho! Baraza la kijiji lilikuita wewe ili tuwe na ushahidi kwamba samaki wakizidiwa na joto hukimbilia maji ya kijito hiki kupumzika. Ofisi wafunge uvuvi hapa tu, samaki wapone, watuachie nyavu kwingine. Tukienda mikono mitupu, watafunga mto mzima."

Matrona, aliyekuwa akipita na ndoo zake za maji, alihisi zimekuwa nzito ghafla. Kumbe kile kitu hakikuwa sikio. Kilikuwa kipimajoto, na watu wa kijiji wenyewe ndio waliokiomba.

"Hakijaharibika, kimechezewa," Mjomba aliendelea, akifungua kamba ya mashua. "Nakwenda kwa Nikolai. Na leo si utani."

Matrona alizitua ndoo, akakimbia, akaishika ile kamba kwa mikono miwili.

"Si Nikolai."

"Nini?" Mjomba hakuwa na hakika kama amesikia vizuri.

"Ni mimi, Mjomba. Nilikikata mimi. Nilikitundika kwenye nyumba ya moshi."

Daktari Brenna alikichukua kifaa, akakinusa. "Ni kweli," alisema. "Kinanukia chakula cha mchana." Kisha akamwinamia Matrona. "Unakumbuka ilikuwa siku ipi? Sema taratibu, ni muhimu sana."

"Siku tuliyoanika wale samaki kumi na wawili. Jioni, baada ya kuweka kuni. Nikakirudisha jana asubuhi, chai ikiwa bado."

"Kumi na wawili ilikuwa Alhamisi," Bibi alisema.

Daktari aliufuata mstari kwa kidole. Ulipanda Alhamisi jioni na kushuka jana asubuhi, kama Matrona alivyosema. "Basi kifaa ni kizima! Nazitoa siku sita tu, na mahali pake naweka vipimo vya mkono ambavyo Wassillie huandika kila asubuhi anapopita kijitoni. Nitaeleza sababu, na ushahidi utasimama."

Mjomba aliketi juu ya gogo. "Siku sita nimemnyima binamu yangu jibu," alisema. Kisha akasimama, akaweka mikono mdomoni na kupiga ukelele hadi ng'ambo. "Nikolai! Njoo unywe chai! Nilikudhani wewe ndiye mwizi wangu wa alfajiri!"

Jibu lilichukua muda kuvuka maji. "Mimi? Tangu lini mimi nikaamka mapema?"

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamvuta Matrona karibu naye.

"Sikia, mjukuu wangu. Kushuku si kosa. Una macho, na mto huu unahitaji macho. Kosa lako ni kushuku ukanyamaza, ukatenda kabla ya kuuliza. Ungeniambia tu, 'Bibi, ule uzi ni wa nini?' na yote haya yasingetokea. Na mjomba wako, mtu mzima na ndevu zake, amekosa vilevile." Mjomba alitazama viatu vyake. "Ukiona jambo usilolielewa, uliza. Ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo. Leo umetuokolea majira yetu ya baridi."

Matrona alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuondoka. Alikuwa akitazama mchanga wa kijitoni.

"Kuna jingine?" Bibi aliuliza.

Daktari aliacha kufunga sanduku lake.

"Kulikuwa na samoni," Matrona alisema. "Alikufa pale, na mayai yake yote tumboni. Nilimfukia, sikumwambia mtu. Nilidhani nikinyamaza, ofisi haitajua, na atakuwa huyo mmoja tu."