Mpishi Hunywa Kwanza

Nyumbani kwetu asubuhi haianzi na jogoo, inaanza na cherehani. Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kabla sijafumbua macho vizuri huwa nimeshamsikia barazani akikanyaga pedali: trrr, trrr. Kazi yangu ya kwanza ni kumwagilia mimea yake ya chai. Ameipanda nyuma ya nyumba, kwenye mabeseni yaliyotoboka, makopo ya rangi na tairi moja kuukuu. Kuna mnanaa, mchaichai, mrehani, na tangawizi ambayo haijionyeshi mpaka uifukue.

Akishachuma majani, Shangazi huyafunga vitita kwa mabaki ya nyuzi zake, mnanaa kwa uzi wa kijani, mchaichai kwa uzi wa njano, kisha huyaning'iniza kivulini. Anasema jua hunyonya harufu yote likakuachia nyasi. Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali huondoka na kitita cha kutuliza kikohozi au tumbo lililojaa gesi. Lakini akiletwa mtoto mwenye homa, Shangazi hata birika haligusi.

“Chai hutuliza, haipimi damu,” husema. “Mpeleke zahanati.”

Tena kuna sheria moja isiyovunjwa barazani kwake. Aliyepika chai hunywa kikombe cha kwanza, mbele ya mgeni. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alitoa sindano mdomoni, akanitazama. “Kama wewe mwenyewe unaogopa kukinywa, kwa nini unipe mimi?”

Mimi wananiita Kiherehere, na sikatai. Mtu akiuliza “nani ataweza?”, mkono wangu huwa umeshapanda juu kabla sijajua kazi yenyewe ni ipi. Ndiyo maana nilipofika darasa la sita nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya bustani shuleni. Katibu wangu alikuwa Redio, rafiki yangu wa dawati moja. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, ila mara ya mwisho alipofunga kinywa chake hakuna anayekumbuka ilikuwa mwaka gani.

Muhula ule klabu nzima ilikuwa na wazimu wa jambo moja. Nyuma ya zahanati palikuwa na kiwanja chenye bomba la maji. Sisi tulikuwa tukimwagilia kwa ndoo, kutoka kisimani, kichwani, mpaka shingo zinauma. Nesi Mkuu wa zahanati alitaka kiwanja kile kilimwe majani ya chai ya wagonjwa wanaosubiri, lakini fundi seremala naye alikiomba aweke mbao zake. Nesi akasema atakuja Siku ya Wazazi, Jumamosi, aonje chai yetu, ndipo aamue. Jamani, hatukulala vizuri wiki ile. Redio alishagawa hata zamu za kufungua bomba.

Jumatatu nilichukua kadibodi nikaandika kwa herufi kubwa: MPISHI HUNYWA KWANZA. Mwalimu wa bustani aliipenda sana sheria ile, akasema bango lining'inizwe juu ya meza ya wageni. Redio akaniganda tangu saa ile.

“Kiherehere, mwenyekiti wangu mpendwa, siku hiyo nipike mimi, na kikombe cha kwanza nikinywe mimi. Ndoo nilizobeba si zinatosha?”

“Sawa,” nikasema. “Utapika wewe.”

Jumatano ndipo yalipotufika. Nilikwenda bustanini peke yangu baada ya masomo nikakuta viwavi wameuvamia mnanaa wetu. Walikuwa wa kijani, wanene, wamelala juu ya majani kama wako kwao. Karibu kila jani lina tundu. Nilihisi machozi yananipanda. Nesi gani atatupa kiwanja akiona majani kama chandarua kilichochanika?

Ng'ambo ya waya wa shule kuna shamba la nyanya la jirani, na jioni ile Mzee wa Nyanya alikuwa akipuliza dawa ya wadudu. Simu yake ikalia, mtu anamwita getini. Akaiweka pampu chini karibu na waya.

“Binti, niangalizie hii. Usiiguse. Hiyo ni sumu. Hata mimi mwenyewe nyanya hizi sizichumi mpaka zipite wiki mbili.”

“Ndiyo, mzee,” nilimjibu kwa adabu zote.

Alipokata kona, mkono wangu ulikuwa umeshapita chini ya waya. Nilijiambia nitapuliza kidogo tu. Kidogo ikawa tuta zima la mnanaa. Mzee aliporudi alinikuta nimesimama pale pale, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Neno lile liliniwasha kuliko upupu, lakini nililimeza.

Alhamisi hapakuwa na kiwavi hata mmoja. Klabu ilishangilia. Redio alizunguka darasa zima akitangaza kwamba viwavi wamesikia Nesi anakuja wakahama. Nilicheka nao. Ijumaa vikachipua vijani vipya, laini, vya kijani kibichi, na yale yaliyotoboka nikayanyofoa yote nikayatupa. Tulipochuma niliosha mara tatu, peke yangu, nikimfukuza kila aliyetaka kusaidia. Harufu ya dawa ilikuwa imekwisha. Nikajiambia, kilichooshwa kimeoshwa.

Jumamosi ilifika na vurugu zake tamu. Viti vilitolewa madarasani, meza ikatandikwa kitambaa cheupe, mkaa ukakolea. Wazazi walijaa. Shangazi aliketi mbele na futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni, maana alikuwa ameacha gauni la mtu mezani. Mzee wa Nyanya alikaa nyuma. Nesi Mkuu alikuja na viatu vyeupe pepepe, akaenda moja kwa moja kwenye sinia la majani.

“Hebu tazameni,” alisema, akiinua kijiti kimoja. “Hayana tundu hata moja. Mmefanyaje?”

“Bidii tu, Nesi,” nikasema. Nilimwona Shangazi akiinamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo akiona mshono usiomridhisha.

Redio alichemsha maji, akatia mchaichai, akatia mnanaa, akafunika. Harufu ikasambaa mpaka watoto wa safu ya nyuma wakaanza kusogea. Kiwanja nilikuwa nakiona kwa macho yangu, naona bomba linamwaga maji. Tulipoacha chai ipoe, Mwalimu akasimama, akaonyesha bango.

“Klabu hii ina sheria yake. Mpishi hunywa kwanza. Mpishi wetu, karibu.”

Redio alijinyoosha, akajimiminia kikombe. Alikuwa amesuka nywele upya kwa ajili ya siku ile. Alinigeukia, akanikonyeza, akakipeleka kikombe mdomoni. Kichwani mwangu nikasikia wiki mbili, wiki mbili, halafu nikahesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mkono wangu ukikipiga kile kikombe, na chai ikiruka juu ya kitambaa cheupe, kisha ikashuka taratibu kwenye viatu vya Nesi Mkuu.

Watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja.

“Una wazimu?” Redio alinong'ona. “Unanionea wivu mimi?”

“Usinywe,” nikasema. “Mtu asinywe. Nilipuliza dawa ya wadudu kwenye mnanaa. Jumatano. Niliiba kwenye pampu ya Mzee.”

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi nayo ilikuwa inasikiliza. Nesi Mkuu hakupiga kelele. Aliuliza upesi upesi, kama mtu aliye kazini: nani ameonja, nani ameshika majani, dawa yenyewe jina lake nani. Hakuna aliyekuwa ameonja. Mzee wa Nyanya akasimama kule nyuma, kofia mkononi, akaitaja dawa.

“Nilimwambia wiki mbili,” alisema. “Lakini kosa si lake peke yake. Pampu ya sumu haikabidhiwi mtoto. Hilo nalibeba mimi.”

Nesi akaamuru wote walioshika majani wakanawe kwa sabuni, mimi na Redio wa kwanza, na chai pamoja na majani vikafukiwe shimoni mbali na kisima. Tulinawa ndoo moja. Sijawahi kuona Redio ikizimika namna ile, na nakwambia iliniuma kuliko kama angenizaba kibao.

“Nilidhani kuosha kunatosha,” nilimwambia.

“Ulikuwa unaniacha ninywe,” alisema, akafuta mikono kwenye sketi.

Ilikuwa kweli.

Tuliporudi wageni walikuwa wanaanza kukusanya mikoba. Mwalimu alikuwa amekaa kama aliyefiwa. Nikaona kiwanja kinageuka kuwa ghala la mbao. Ndipo Shangazi akasimama, akavuta futi yake shingoni.

“Wageni hawaondoki na midomo mikavu,” alisema. “Kwangu si mbali. Kiherehere, leo kiherehere chako tumekipatia kazi. Kachume mnanaa kwenye beseni la buluu na mchaichai kwenye tairi. Maji tutakuwa tumeyainjika kwenye sufuria nyingine.”

Nilichomoka. Nilipofika getini nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Redio. Hakunitazama, alikimbia tu, na nywele zake mpya zikimpiga mabegani. Tulikata kona ya kinyozi, tukaruka mtaro, mbwa wa jirani akatusindikiza mpaka mlangoni. Nyuma ya nyumba nilipiga magoti mbele ya beseni la buluu na moyo ukanishuka. Mnanaa wa Shangazi nao ulikuwa na matundu. Kiwavi mmoja bado alikuwa mezani kwake, juu ya jani, anakula.

“Una matundu,” nikasema.

“Chuma,” Redio akasema. Alimwinua yule kiwavi kwa vidole viwili, akamweka juu ya ukuta, akaanza kuchuma.

Tuliingia shuleni tukihema. Nesi Mkuu alilipokea sinia, akatazama majani, na kwa mara ya kwanza akacheka.

“Haya nayajua,” alisema. “Shangazi mtu, huko kwako kuna walaji wengi.”

“Wapo, Nesi. Huwatoa kwa mkono kila asubuhi, wengine hunizidi ujanja,” Shangazi akajibu. “Lakini dawa sipulizi. Yale ya mwanzo uliyoyasifu yalikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo huku nikiwa na aibu. Majani yakaoshwa, yakatiwa, yakafunikwa. Mwalimu alinigeukia. Alisema uenyekiti wa klabu utashikwa na Redio mpaka muhula uishe, na mimi nitarudi kwenye ndoo. Nikaitikia. Kisha akasema kwamba mpishi wa sufuria hii ni mimi.

Nikamimina. Nilikunywa mbele yao wote. Ilikuwa ya moto, yenye ladha ya asubuhi za nyumbani.

Nesi Mkuu alikunywa chake taratibu mpaka mwisho, akaweka kikombe juu ya doa la chai ile ya kwanza.

“Wanafunzi, nisikilizeni,” alisema. “Mgonjwa anapopokea kikombe mkononi mwangu, hakuniona nikichuma wala nikiosha. Anakiona kikombe, basi. Yote mengine ananiamini tu. Jani lenye tundu linaoshwa na kuliwa. Aliyelipulizia sumu akanyamaza, huyo ndiye hatari. Huyu binti alikosea siku tatu mfululizo, na sitaki kumpamba. Lakini alipoona mwenzake anataka kunywa, alikubali kukosa kiwanja na kuaibika mbele ya watu wote kuliko kunyamaza. Kukiri kosa kunauma mara moja. Kulificha kungemuumiza mtu mwingine.” Akavitazama viatu vyake. “Kiwanja ni chenu. Pampu ya dawa haivuki lango langu, viwavi mtawatoa kwa mkono, na lile bango mtalitundika ukutani kwangu. Seremala tutamtafutia pengine.”

Hapo klabu nzima ililipuka. Ndoo ziligongwa, mtu akapanda kiti, Mwalimu wa bustani akasahau kwamba yeye ni mwalimu. Mzee wa Nyanya akasema ataleta samadi yake iliyooza vizuri. Mimi nilibaki pale mezani na kikombe changu kilichojaa nusu.

Redio akaja akasimama ubavuni mwangu. Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi.

“Umeshakunywa?”

“Nimekunywa.”

Alikichukua mkononi mwangu, akapiga funda moja, akatulia, akamaliza chote. Halafu akajifuta mdomo kwa kiganja.

“Kwanza, mimi ndiye mwenyekiti, kwa hiyo zamu ya bomba ninapanga upya. Pili, wewe ni wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na viwavi pia ni wako, tena usiniambie unawaogopa. Tatu, hivi ulimwona Nesi alivyoviangalia viatu vyake? Nilidhani...”

Aliendelea hivyo mpaka tunafika nyumbani, na sikumkatiza hata mara moja.