Chumvi ya Majivu

Kila asubuhi, kabla malori hayajaanza kupiga honi kwenye foleni ya mpakani Malaba, Ajiko huwa ameshafagia uwanja, amechota maji na kuwasha moto. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hakuziogopa. Kilichomchoma roho ni kile kilichofuata. Trizah, binti wa shangazi yake, aliyekuja kutoka Bumala muhula uliopita, hutoka ndani na daftari kwapani, akampandisha Tata, nyanya yao, kwenye mizani, kisha akampa dawa: tembe moja ya presha na moja ya kupunguza maji mwilini.

"Asante, daktari wangu," Tata husema.

Daktari! Ajiko alisonya kimoyomoyo. Kabla Trizah hajaja, ni nani aliyekuwa akimkanda Tata miguu? Lakini siku Nesi Zilpa wa zahanati alipokuja kufundisha jinsi ya kumtunza mgonjwa, Ajiko alikuwa ameenda kusukwa nywele, ingawa aliambiwa asiondoke. Ini la Tata limechoka, nesi alieleza, na presha yake iko juu. Dawa apewe kwa wakati. Ikisahaulika, asipewe mbili kwa pamoja. Asinunuliwe dawa za maumivu bila kuuliza, hapa wala ng'ambo Uganda. Pombe hapana. Chumvi hapana. Trizah aliyaandika yote, na tangu siku hiyo akawa malkia wa nyumba. Ndivyo alivyoona Ajiko, na kijicho hakijawahi kuona sawasawa.

Sasa, Tata alikichukia chakula kisicho na chumvi. "Hii mboga hata mbuzi ataikataa," alilalamika kila siku. Ajiko akaona hapo ndipo pa kumshindia Trizah.

Jumamosi moja, Trizah akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Ajiko alichoma maganda makavu ya maharagwe. Majivu akayatia kwenye mkebe uliotobolewa, akamwagia maji, na yale maji ya kahawia yakadondoka polepole kwenye kibuyu. Hiyo ndiyo abalang, ambayo akina mama wa Kiteso wamekuwa wakipikia mboga tangu zamani. Nesi alikataza chumvi ya pakiti, Ajiko alijiambia, hakutaja abalang. Hata hivyo, kibuyu alikificha nyuma ya kuni.

Tata alionja kunde, akatulia, akatabasamu. "Hii si abalang?"

"Kidogo tu, Tata. Usimwambie Trizah."

"Nimwambie nini? Abalang si chumvi." Akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. "Mkono wako, Ajiko! Hapa nyumbani hakuna wa kukushinda."

Ajiko alivimba kichwa. Kijiko kimoja cha abalang kikawa viwili, viwili vikawa vitatu.

Wiki ya pili ilipokwisha, uzito wa Tata ulikuwa umepanda kilo tatu. Miguu ilivimba, tumbo likajaa. Trizah aliandika namba hizo huku akitafuna kalamu kwa wasiwasi. Mama yake Ajiko alipolisoma daftari, hasira zilimpanda.

"Trizah, unampa dawa kweli ama unaandika tu?"

"Nampa, Anti. Naapa nampa."

"Basi mbona anavimba? Nesi anakuja leo, aone mwenyewe. Kama kazi imekushinda, utarudi kwenu Bumala."

Trizah akaangua kilio. Ajiko, aliyekuwa mlangoni akichambua kunde, alifurahi. Ndiyo, alifurahi, tusifiche. Lakini kutoka chumbani alimsikia Tata akihema kama mtu aliyepanda mlima, ilhali hajainuka kitandani tangu asubuhi. Furaha yote ikamtoka.

Nesi Zilpa alipofika, alizihesabu tembe zilizobaki, akalitazama daftari. "Mama, usimlaumu huyu mtoto. Hajakosa hata siku moja." Kisha akaingia chumbani kumpima Tata presha, akatoka akitikisa kichwa. "Itabidi aende hospitali Busia leo. Huenda wakamwongezea dawa. Lakini niambieni ukweli: chumvi je?"

"Hatumpi hata chembe," Mama alijibu.

Nesi akatoa kalamu kuandika. Ajiko aliitazama ile kalamu. Je, Tata akiongezewa dawa kwa sababu ya uongo? Alitoka mbio, akarudi na kibuyu.

"Ni mimi," alisema. "Nampikia na abalang. Nilitaka anipende mimi."

Sauti dhaifu ya Tata ikatoka chumbani: "Nami nilijua. Nilidhani si chumvi."

Nesi alikinusa kibuyu. "Ni chumvi, Tata. Inazuia maji mwilini, inapandisha presha, tena ina madini yanayogombana na tembe zako za maji. Nami nina kosa. Nilionyesha pakiti ya dukani, nikasahau niko Malaba, ambako watu hupikia abalang." Akamgeukia Ajiko. "Ulidhani haina madhara?"

"Ndiyo."

"Basi mbona ulikificha?"



Tata alilazwa siku tano. Alipimwa damu, dawa zikapangwa upya, maji yakapungua. Siku mbili nzima Trizah hakumsemesha Ajiko. Siku ya tatu Ajiko alimfuata kisimani.

"Nisamehe. Mama aliposema utarudishwa kwenu, nilifurahi."

"Ulifurahi?" Trizah alimkazia macho. Kisha akamsukumia ndoo moja. "Basi leo utabeba zote mbili."

Ajiko alizibeba.

Tata aliporudi, Nesi Zilpa aliwafundisha tena, safari hii watu wote wa nyumba wakiwa wameketi. Alichora safu mpya kwenye daftari, ya chakula, akamkabidhi Ajiko kalamu.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Ajiko, wivu ulikufanya utafute kumpendeza mgonjwa. Mgonjwa anahitaji mtu wa kumwambia ukweli, hata ukiwa mchungu. Na kazi ya kumtunza Tata ni kubwa, inawatosha nyote wawili."

Jioni hiyo Ajiko alipika kunde kwa kitunguu, dania na ndimu. Tata alionja, akakunja uso.

"Haina chumvi," alisema.

"Haina, Tata," Ajiko akajibu, akaandika hivyo hivyo.

Tata alimtazama Ajiko, akamtazama Trizah aliyeketi kando yake, akashusha pumzi. Kisha akaivuta sahani, akala yote.