Aliyepiga Hodi Kwenye Injini

Injini ikigonga huwa haina adabu. Hugonga ovyo, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Ukiikanyagia mafuta nayo hugonga mbio, ukiiachia nayo hupoa. Khelef alilijua hilo tangu hajaota ndevu, maana gereji ile ya Kikwajuni ilikuwa ya baba yake, na yeye alikulia chini ya magari kama paka. Basi asubuhi alipoiwasha pikapu ya Amour, ambayo injini yake aliifungua mpaka parafujo ya mwisho na kuiunda upya kwa mikono yake, akasikia ko, ko, ko, kisha kimya, hakutishika. Alikereka tu.

Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, moshi ukatoka, lakini ile sauti haikufanya haraka. Ko, ko, ko. Kimya. Kama mtu aliyesimama nje ya mlango, ameshapiga, anasubiri kujibiwa.

"Beringi hizo," alisema Samir, fundi mwenzake, ambaye kazi yake kubwa pale gereji ilikuwa kunywa kahawa na kutoa hukumu. "Umeuziwa beringi za unga wa ngano."

"Nyamaza. Nipe bisibisi ndefu."

Khelef aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha injini, na mpini akauweka sikioni, kama mafundi wanavyofanya wanapotaka kusikia kinachouma ndani. Akazisikia pistoni zinapanda na kushuka kwa zamu. Akasikia valvu zinateta kama wanawake kwenye harusi ya watu wasiowapenda. Oili inapita. Kila kitu salama. Na ile sauti haikuwa mbele wala nyuma. Ilikuwa mbali, kana kwamba ndani ya chuma kile mna chumba, na chumba kina mlango, na nyuma ya mlango yupo mtu.

Akachomoa waya za plagi, moja baada ya moja. Silinda yenye ugonjwa, ukiizima, kelele hupungua. Hakuna iliyopungua. Akamwaga oili, akaipokea kiganjani. Ilikuwa mpya, rangi ya asali, lakini alipoinusa akautoa mkono puani upesi. Haikunuka oili. Ilinuka maziwa, maziwa ya mama, yaliyochachia kwenye nguo. Harufu hiyo alikuwa akiikuta nyumbani siku zile, kwa sababu mkewe Ibtisam alikuwa mzazi, amejifungua binti na bado yumo ndani ya arobaini yake. Lakini ndani ya injini imefuata nini?

Akafungua chini, akazipapasa beringi kwa ukucha. Ziling'ara kama kioo. Akafunga. Jua lilikuwa limeshainama, chakula hakijapita kooni, na Samir alikuwa amechoka kucheka. Hapo ndipo, ufunguo uko mfukoni kwa Khelef na betri imeshafunguliwa waya, gari likapiga tena.

Ko, ko, ko.

Samir akashusha kikombe chake. "Khelef. Umeisikia?"

"Chuma kinapoa."

"Chuma kikipoa hulia. Hakihesabu."

Wakatazamana. Samir, mtu ambaye hofu ikimshika humtoka kwa mdomo, akajichekesha: "Basi mjibu, ndugu yangu. Mtu anapiga hodi mchana kutwa, wewe unampekua tu kama askari wa forodha."

Hodi ni mara tatu. Mwenye nyumba akinyamaza, mwenye adabu hugeuka akarudi alikotoka. Ndivyo tulivyofunzwa vyuoni tulikosoma Kurani, na ndivyo walivyofunzwa wale wasioonekana, tena wao wameyashika mafunzo kuliko sisi, ambao siku hizi tunaingia kwa watu kama mbuzi. Angenyamaza tu, mambo yangeishia pale. Lakini njaa na ubishi vikikutana kwa mwanamume mmoja, akili huondoka ikavipisha.

"Karibu!" alipiga kelele Khelef. "Karibu, pita ndani! Nyumba ni yako!"

Pikapu ikanyanyuka kidogo kwa nyuma, kama gari linaposhukwa na mtu mnene. Kisha kukawa kimya. Akafunga betri, akawasha. Injini ikazunguka laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta, na haikugonga tena.

Akafurahi, maskini. Akampigia simu Amour aje kesho kuchukua gari lake, akanawa mikono, akaenda zake nyumbani.

Nyumba ilikuwa Mkunazini, ya zamani, ukumbi na vyumba viko juu, ngazi ya mbao inayolia kila hatua. Mama mkwe wake, Bi Zuleikha, alikuja kumuuguza binti yake, akachukua chumba kinachotazamana na cha mzazi. Hakuwa mwanamke wa maneno ya sukari. Siku alipopewa mjukuu wake Tahiya ampakate, alimtazama uso, akasema: "Pua ya baba yake. Mungu atamsaidia."

"Shikamoo, Mama," alisema Khelef alipofika juu.

"Marahaba. Mgeni wako yuko wapi?"

"Mgeni gani?"

"Miguu imepanda ya watu wawili, nshapakua sahani mbili. Au umekuja na punda?"

Khelef akageuka. Ngazi ilikuwa tupu. Lakini kipande cha mbao cha juu kabisa, ambacho hulia mtu akikikanyaga, kililia, na ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikampita usoni taratibu, ikaingia ukumbini.

Asubuhi akaenda kazini, akijiambia kuwa ni njaa ya jana. Amour akaja, akaisifu injini, akazunguka gari lake akicheka. Adhuhuri imekaribia, simu ya Khelef ikalia.

"Uko wapi?" Ilikuwa Ibtisam, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye chini ya kitanda.

"Gereji. Nna Amour hapa. Kwa nini unanong'ona?"

"Kwa sababu na hapa mlangoni upo."

Khelef akaibana simu sikioni.

"Mama yuko chini anachemsha maji ya kunikanda," alinong'ona Ibtisam. "Mlango umepigwa, sauti yako ikasema hodi. Nilitaka kuitika. Halafu nikafikiri, mume gani apige hodi chumbani kwake? Wewe husukuma kwa bega. Khelef, nimetazama chini ya mlango. Hakuna miguu. Na mtoto ameacha ziwa, anatazama huko huko, anacheka. Mtoto wa umri huu hacheki."

Ndani ya simu Khelef akasikia, ko, ko, ko. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake kile cha vumbi la gereji, ikisema kwa upole: "Ibtisam, mke wangu. Hodi."

"Usijibu!" Khelef alipiga ukelele hata Samir akamwaga kahawa. "Usiseme hata neno!"

Akamkamata Amour kola ya shati. "Gari hili umelitoa wapi?"

"La ami yangu..."

"Wapi?"

"Nyuma ya Mkokotoni. Kwenye mahame. Nyumba ya ami ilihamwa, gari likaachwa uani linaoza, nami nikaona hasara."

"Ilihamwa kwa nini?"

"Watoto hawakuwa wakikaa." Sasa Amour naye alikuwa akinong'ona. "Wanazaliwa wazima, wanono. Arobaini hawaimalizi. Tena kila mmoja, kabla hajafa, mama yake husema kasikia mtu anapiga hodi."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia, ungeligusa?"

Mwalim Mahfoudh, mganga wa kisomo, aliletwa kutoka Tunguu kwa pikapu ile ile, maana hapakuwa na gari jengine. Alisoma kuanzia mlango wa nje mpaka juu, ubani ukifuka mkononi, lakini alipofika ukumbini, mbele ya chumba cha mzazi, akasita kama aliyekanyaga maji baridi.

"Mimi humtoa aliyejiingiza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu kakaribishwa. Mwenye nyumba kamwambia pita, nyumba ni yako. Mgeni hafukuzwi kwa kisomo."

"Sasa anataka nini tena?" aliuliza Khelef.

"Chumba. Ukumbi umempa wewe. Chumba cha mzazi kina mwenyewe, naye ni mzazi. Anangoja neno la mkeo. Leo kanyamaza. Kesho atanyamaza. Lakini mwanamke anayenyonyesha halali akashiba; siku moja ataitika karibu huku macho kayafumba, na hapo mtoto hamna."

"Tuhame!"

"Mgeni hufuatana na mwenyeji wake. Nitakalokwambia ni moja. Mgeni aliyepewa chumba haombi cha pili. Apewe chengine, na mwenye chumba awemo ndani, amkaribishe kwa kinywa chake."

"Basi mimi."

"Wewe chako ni hicho hicho cha mkeo. Huna."

Bi Zuleikha alikuwa amekaa kwenye kiti akipepeta mchele, na hakuinua kichwa. "Kwa hiyo huyu kidudu ana haya kuliko wapwa zangu, ambao huingia mpaka jikoni," alisema. Akamwaga pumba.

Alasiri Khelef alijifungia na mkewe. Ibtisam, kwa uchovu, usingizi ulimchukua hali amekaa, mtoto kifuani, na Khelef akabaki macho, anausikiliza mlango, anasikia ngazi inalia bila mtu, ukumbi unalia bila mtu, harufu ya maziwa machungu inapita chini ya mlango kama maji ya mvua, inapanda mguu wa kitanda, mpaka hodi ikapigwa, si kwa nguvu, kwa adabu, na sauti yake mwenyewe ikasema huko nje, "Ibtisam, mke wangu," naye akiwa ndani, mdomo kaufumba, na akamwona mkewe, macho hajafungua, anaivuta pumzi ya kuitika, midomo inaachana, "Ka..." akamrukia, akamziba kinywa, naye Ibtisam usingizini akapigana na mkono ule, akaung'ata, akataka kuachiwa amalize neno lake, na Tahiya akacheka.

Ndipo ng'ambo ya ukumbi mlango ukafunguliwa.

"We!" ilikuwa sauti ya Bi Zuleikha. "Huko kuna mzazi, nafasi hapana. Njoo huku. Karibu."

Kimya. Mbao zikalia, hatua nzito zikageuka, zikavuka ukumbi.

"Kaa," wakamsikia Bi Zuleikha akisema. "Si hapo. Hapo nnaswalia."

Mlango ukafungwa.

Tangu siku ile Bi Zuleikha hakutoka. Chakula kiliwekwa mlangoni kwake, sahani mbili, na zote mbili zilirudi tupu. Ukipita ungemsikia akigomba: "Sogea huko, miguu yako baridi." "Huoni nnavuta uradi, tasbihi mkononi?" Aliyekuwa akigombezwa hakusikika kujibu. Ibtisam alilia nje ya mlango, akaambiwa, "Unalia nini, nshakufa? Nimekula chumvi ya kunitosha. Nenda kamnyonyeshe mtoto." Na siku Khelef alipokaribia na Tahiya begani, mlango ulipigwa teke kwa ndani. "Mtoe huyo hapa! Ukimleta tena ntakuvunja hiyo pua mliyorithishana!"

Arobaini ikaisha. Tahiya akanyolewa, akatiwa wanja, akawa tayari kutolewa nje aione dunia. Khelef alimbeba, akapita ukumbini kuzichukua zile sahani. Moja ilikuwa tupu. Nyengine chakula chake kilikuwa kama kilivyowekwa, kimeganda, nzi wamekaa juu yake.

Akasimama.

"Mama? Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu Khelef," ilijibu sauti ya Bi Zuleikha nyuma ya mlango, laini, haina haraka. "Leo mtoto anatoka, na mimi sijampakata tena. Nakuomba, baba, tafadhali, nipe mjukuu wangu kidogo tu."

Khelef akaukumbatia mgongo wa mtoto kwa mikono yote miwili, na sahani zikamwanguka. Mama mkwe wake, tangu azaliwe, hajapata kumwambia mtu tafadhali.