Tulihesabu Hadi Kumi

Nina miaka thelathini na minne, mjane mwenye watoto wawili, naishi Mabawa hapa Tanga. Wengi mnanijua kama Mama Neema wa maandazi. Leo nataka mjue na uongo wangu.

Marehemu mume wangu, Elia, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni alikuwa bondia wa ridhaa, na ngumi zake zilijulikana! Lakini nyumbani… jamani, yule alikuwa mtoto wa tatu. Kila alasiri Neema na Danieli walimtandika ngumi za tumbo, naye anaanguka puu, macho juu, ulimi nje. Tunahesabu sote. Ikifika tisa anaruka na kuwakamata. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi ile alishinda pambano, ila alipigwa konde zito nyuma ya sikio. Tulipofika nyumbani akatapika uani, akalalamika kichwa kinampasuka. Akanishika mkono: "Mama Neema, nakuomba, kocha asijue. Ataniweka nje mwezi mzima, na wiki ijayo wanachagua timu ya mkoa."

Nikakubali! Wala si kwa huruma tu. Nilishawatangazia mashoga zangu kuwa mume wangu anakwenda Dodoma na timu ya mkoa. Sura yangu ningeiweka wapi?

Jumapili baada ya ibada kocha akaja mwenyewe. "Shemeji, kalala vipi? Hajatapika?" Elia alikuwa chumbani, kajifunika shuka. Nikamtazama kocha usoni… "Mzima kama chuma! Kala wali sahani mbili, sasa kapumzika." Hata chai ilikuwa imemshinda. Kocha akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda.

Alasiri watoto wakamng'ang'ania baba yao. Akajikokota hadi uani, anatabasamu huku kashika ukuta. Danieli, wa miaka minne, akamchapa tumboni ngumi ya kitoto. Elia akaanguka.

Tukahesabu. Mimi nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikahesabu kwa sauti kubwa kuliko wote! Saba… nane… tisa… kumi. Neema akalalamika kuwa baba leo anaharibu mchezo. Nikawaambia wammwagie maji, ataamka tu. Wakammwagia. Maji yakamwingia jichoni, na jicho halikufumba.

Hospitalini daktari akaniuliza kama alitapika. Safari hii nilisema kweli. Akasema damu ilikuwa inavujia kichwani tangu Jumamosi, na angewahishwa huenda angepona. Alifariki Jumatatu mchana.

Mnadhani yaliishia hapo? Miaka miwili Danieli aliamini ngumi yake ndiyo iliyomuua baba. Nilijua! Nikamwambia ni mipango ya Mungu, nikanyamaza, maana kumsafisha yeye ni kujitaja mimi. Mwezi uliopita alirudi kutoka shule mdomo umechanika. Mwalimu akaniambia wenzake humpiga, naye huweka mikono nyuma.

Nikamkalisha, nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, wewe ulijua baba anaumwa?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda kukaa karibu na Neema, dada yake.

Wenzangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu wenu akipigwa kichwani, akatapika, mpelekeni hospitali hata akiwapigia magoti. Na mkiulizwa, semeni! Ningemwambia kocha kweli, Elia angeninunia mwezi mzima. Leo hata kununa kwake nakutamani.