Mafundi, Washeni Kamera

Jumamosi mchana, pale kwenye soko la kompyuta la Taipei, huna pa kuweka mguu. Watu wamebeba maboksi vichwani, spika zinapiga kelele za punguzo, na harufu ya soseji za kuchoma inaingia mpaka ndani ya maduka. Kwenye rafu ya duka moja karibu na mlango ulibaki mfuko mmoja tu wa kijani wa bisi za nazi, na mikono miwili iliushika kwa pamoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa Lo Wan-ju, gauni la kitani rangi ya chai, nywele kazikata usawa wa kidevu, raba nyeupe hazina hata doa. Wa pili ulikuwa wa Ko Ming-to, fundi wa lifti, sare ya bluu yenye grisi magotini na helmeti ya skuta bado ipo kichwani.

"Dada, ya njano hiyo hapo, tele," alisema Ming-to bila kuachia.

"Ya njano! Niiweke juu ya kompyuta yangu, Jumatatu inizimikie katikati ya darasa? Mimi nimekukosea nini, kaka?"

Mji huu mzima unajua. Mashine unaiwekea mfuko wa kijani ili itulie. Haufunguliwi, hauliwi, na tarehe yake ikipita unanunua mwingine. Kijani ni taa ya kupita. Ukiweka njano au nyekundu, ya kukupata umejitakia mwenyewe.

"Mwenzio mashine yangu inabeba wagonjwa," alisema Ming-to, kavaa uso wa huruma.

"Ya hospitali?"

"Ya daktari wa meno. Ghorofa ya pili."

Wan-ju alicheka mpaka mkono ukalegea. Ming-to angeweza kuondoka na mfuko wake pale pale, lakini alishaona vishimo vya mashavuni, kazi ikawa imekwisha. Alimkabidhi. "Chukua. Ila chai unaninywesha wewe."

Wakanywa chai ya maziwa yenye lulu, vile vidonge vyeusi vya muhogo, wamesimama barabarani skuta zikiwapita magotini. Wan-ju akaeleza kazi yake: ameajiriwa na kampuni ya mafunzo, anafundisha usalama wa kazini kwa njia ya mtandao, na sasa amepewa mafundi wa lifti wa kisiwa kizima. Ming-to akatoa mrija mdomoni.

"Mafundi wa kampuni gani?"

Akamtajia. Ming-to akavua helmeti taratibu.

"Kumbe mwalimu wa Jumatatu ni wewe?"

"Na wewe ni mwanafunzi wangu? Unasikilizaga?"

"Nalalaga. Lakini nalala kwa heshima, mwalimu."

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa kutaniana. Kila akitoka kazini Ming-to alimpitia, wakala tambi za nyama ya ng'ombe, wakagombania kipande cha mwisho cha tofu. Alimwita mwalimu hata wakishikana mikono. Wan-ju alimwita A-To, na akilitamka jina hilo mwanaume yule mrefu alikuwa anaona haya kama mtoto.

Darasa, jamani, lilikuwa makaburi. Kwenye skrini ni miraba myeusi mitupu yenye majina. Wan-ju anasoma slaidi, anauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Mpo kweli?" Mmoja anaandika, "Tupo." Basi. Wengine walikuwa wamewasha kompyuta na kwenda zao kula.

Meneja Tu, bosi wake, mama asiyepoteza maneno, alimwita.

"Wan-ju, kama hawakusikilizi, wewe wa nini? Tutarekodi video, tuwatumie, tumalize. Darasa la mwisho wa mwezi nitakaa mwenyewe nisikilize. Likiwa hivi hivi, kazi hii imekwisha na wewe umekwisha nayo."

Wan-ju alikuwa ameacha benki kwa ajili ya kazi hii, na mama yake mzazi mpaka leo kila akipiga simu huanza na habari za benki. Jioni ile alimpigia Ming-to akilia waziwazi.

"A-To, mimi sijui kufundisha. Naongea na ukuta!"

"Usilie, mpenzi. Hebu futa machozi. Wewe ingia Jumatatu, utaona."

Na kweli, Jumatatu aliona. Alipouliza tu, fundi wa mji wa Taichung akanyoosha mkono. Akauliza tena, Kaohsiung wakajibu, na jibu ni sahihi. Wan-ju alitoka darasani mashavu yanawaka. Darasa lililofuata hivyo hivyo. Alijinunulia hereni za jade za kujipongeza, akamwambia Ming-to, "Nimewaweza!" Ming-to akasema, "Nilikuambia," kisha akaangalia pembeni.

Darasa la tatu, Wan-ju kawapa dakika chache wasome mwongozo, pakiwa kimya, maiki ya fundi Pao wa Taichung ikabaki wazi. Sauti yake nzito ikajaa darasa zima, anaongea kwenye simu:

"We A-To, nimeshajibu mara ngapi leo? Chai yangu iwe kubwa, na lulu uniongezee! Hii kazi ya kumfurahisha demu wako inachosha!"

Hakuna aliyecheka. Mraba wa Pao ukatoweka. Wan-ju alimaliza slaidi zake zote kwa sauti ileile, akaaga vizuri, akafunga kompyuta. Simu ya Ming-to ikaingia hapo hapo.

"Wan-ju, nisikilize kwanza..."

"Umewahonga chai?"

"Nilitaka tu kukusaidia. Ulikuwa unalia."

"Nililia kwako kwa sababu wewe ni wangu! Sikukutuma uninunulie makofi! Nimevaa hereni, A-To. Nimejipongeza mbele yako, na wewe unaniangalia tu!"

"Nilikosea, mpenzi. Niambie nifanye nini."

"Usifanye kitu. Hilo ndilo ninalotaka. Darasa la mwisho kaa kama watu wengine, funga mdomo wako, na wenzako waambie chai imekwisha. Nikianguka, nianguke mwenyewe." Akakata. Ming-to alipiga tena na tena, simu ikaita mpaka ikachoka.

Wan-ju alimpenda, na hapo ndipo palipouma. Angekuwa mtu baki angemsahau kesho yake. Lakini kazi hakuwa tayari kuiacha, na aliapa Meneja Tu hatamtoa kirahisi. Jumapili asubuhi akaketi mbele ya kompyuta kuandaa upya. Jicho likaangukia ule mfuko wa kijani. Hasira zikampanda. Akaunyakua autupe. Akafika nao mpaka kwenye pipa, machozi yanamtiririka, na kabla ya kuuachia akageuza mfuko kuangalia tarehe.

Akajikuta amesimama. Yaani na hasira zote hizi, tarehe kaangalia! Akacheka peke yake jikoni, pua imejaa kamasi. Kisha cheko likakata. Akaurudisha mfuko juu ya kompyuta, akafuta slaidi zake zote, akaanza upya.

Siku ikafika. Meneja Tu alikuwa ndani, mraba wake na jina tu. Wan-ju alivaa shati jekundu lililonyooshwa, nywele kazibana nyuma, hereni hakuvaa.

"Habari za asubuhi, mafundi. Leo sina slaidi. Nina jambo moja tu. Kila mtu yupo kwenye chumba cha mashine au ofisini, siyo? Nionyesheni mifuko yenu ya kijani."

Kimya. Zamani angejijibu mwenyewe akaendelea. Safari hii aliinua wa kwake mbele ya kamera, akatabasamu, akasubiri. Akasubiri tena. Kusubiri kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote, msidanganyike.

Kamera moja ikawaka, Tainan, mzee mmoja kashika mfuko kwa mikono miwili kama zawadi. Ikawaka ya Keelung. Ya Taichung, Pao mwenyewe, shingo kaiinamisha kwa aibu. Kisha ikawaka ya Hualien, kijana anaitwa fundi Shen, na mfuko wake ukajaa skrini. Wa njano.

Hapo palichafuka.

"We Shen! Una akili?"

"Dukani ya kijani ilikwisha!" Shen alijitetea. "Si bisi zilezile?"

"Bisi zilezile! Eti zilezile! Hiyo ni lifti ya watu, siyo friji ya mama yako!"

"Mwalimu, mtoe huyo, atatuletea balaa!"

Kamera zikawaka kisiwa kizima. Watu ambao Wan-ju hakuwahi kuona sura zao walikuwa wamesimama, wanaelekeza vidole kwenye skrini, mmoja kasahau mdomoni ana andazi la mvuke. Aliwaacha wamfokee Shen mpaka wakaridhika. Halafu akaongea, bila kupaza sauti.

"Shen kaweka njano, mmewaka wote. Safi. Wiki jana niliwaonyesha picha ya fundi anashuka kwenye shimo la lifti bila kubonyeza kitufe chekundu cha kuisimamisha. Hakuna hata mmoja aliyewaka. Mfuko wa bisi tarehe yake mnaikagua. Kitufe hicho, nani jana alishuka bila kukibonyeza? Simuulizi mtu jibu la kitabuni. Nauliza jana."

Mzee wa Tainan akaondoa mfuko, akainua mkono wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo.

"Mimi siyo jana," alisema. "Ni zamani. Nilikuwa nawahi chakula. Kazini niliwaambia ni mlango wa gari, maana niliona aibu." Wenzake wa ofisi moja walimgeukia, hata wao hawakujua.

Baada ya hapo hapakuhitajika kusukumana. Pao alikiri. Shen akaeleza kwamba kitufe cha kwake kimekaa mbali na ngazi, hukifikii mpaka uwe umeshashuka, na wengine wakaanza kumshauri jinsi ya kudai kihamishwe. Wan-ju aliwagawa katika vyumba vidogo vya mtandaoni, kila chumba kiandike kinachowafanya waharakishe, akawa anapita kimoja kimoja akiuliza, hasemi sana.

Ming-to kamera yake iliwaka mwanzo mpaka mwisho. Mkono mdomoni, hakutoa hata kikohozi. Walipobaki na dakika za kuagana, Wan-ju akavuta pumzi.

"Fundi Ko wa Taipei. Leo umenyamaza."

"Niliambiwa ninyamaze, mwalimu."

"Sasa nakuuliza. Jana?"

Ming-to akatoa mkono mdomoni. "Jana nilibonyeza. Mwezi mzima kabla ya hapo, jioni, sikubonyeza. Nilikuwa nawahi kuonana na mtu."

Wan-ju akapiga hesabu. Tambi zote zile, vicheko vyote vile, kumbe huyu mwanaume alikuwa anapita chini ya lifti isiyosimamishwa ili asimchelewee! Darasa zima lilimsubiri.

"Huyo mtu," alisema mwishowe, "angekungoja. Angekungoja mpaka chai ipoe. Umesikia, fundi Ko?"

"Nimesikia, mwalimu."

Simu ya Meneja Tu ilikuja kabla hajainuka kitini. "Video tumeiacha. Mwezi ujao nakupa mafundi wa kreni, wale ni wabishi kuliko hawa. Kanywe maji, sauti imekukauka." Akakata.

Wan-ju hakunywa maji. Alituma ujumbe: *Jumamosi. Pale pale.*

Jumamosi akavaa gauni lile la kitani na hereni za jade, akasimama kwenye duka la karibu na mlango. Saa ya miadi ikafika, ikapita. Watu wakamsukuma na maboksi yao. Aliangalia simu, akairudisha, na kwa mara ya kwanza kuchelewa kwa mtu kulimpa raha moyoni.

Ming-to alitokea mbio, helmeti kichwani, jasho linamdondoka.

"Nimechelewa."

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza. Nikarudi nikaangalia tena kama nimebonyeza."

"Basi hujachelewa, A-To."

Akamshika shati pale pale penye grisi, akamvuta, hakujali gauni. Ming-to akaingiza mkono begini, akatoa mfuko wa kijani. Pale ambapo watu huandika jina la mashine, yeye alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: *Ko Ming-to na Lo Wan-ju.*

"Huu ni wa mashine gani?" Wan-ju aliuliza, japo alishajua, na macho yalishajaa.

"Wa nyumba yetu. Ukikubali."

Wan-ju aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akaangalia tarehe.

"Unakwisha mwakani."

"Mwakani tutakuja kununua mwingine."

"Na mwaka unaofuata?"

"Tutakuja tena, mwalimu. Na ikiwa imebaki ya njano tu, tutangoja mpaka walete."

"Haya," alisema Wan-ju. "Nimekubali. Sasa vua helmeti hiyo, watu wanatuangalia."