Kamera Iliyosema Karibu

Kamera ilikuwa inapotea adhuhuri, jua likiwa utosini, wakati kuku wamejibanza chini ya ghala na watu wamejilaza kivulini. Asubuhi picha ilikuwa safi. Usiku, ambao ndio hasa ilinunuliwa kwa ajili yake, ilikuwa safi pia. Ila ikifika adhuhuri, simu ya Bundala kule Bariadi iliandika kwamba kamera haipo hewani, na geti la kwao Lalago likawa giza tupu.

"Mama, mpe Shida simu," alisema Bundala.

Shida alikuwa mchungaji wao wa ng'ombe, mtu mzima mwenye maneno mengi. Alikuwa juu ya ngazi, ubavuni mwa minyaa ya uzio, akiipangusa sola ya kamera kwa shati lake.

"Nimepangusa."

"Sasa izime. Subiri kidogo, halafu iwashe."

"Nimewasha. Imeongea Kizungu."

"Imesemaje?"

"Bosi, ningejua Kizungu ningekuwa nachunga ng'ombe wenu?"

Elina, mama yake Bundala, alicheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe. Hakuwa amecheka tangu msiba.

Mumewe, Januarius, aliuawa na wezi wa ng'ombe kwenye geti hilo hilo. Walimkata mapanga akiwa amelishikilia komeo, na alipokutwa alikuwa bado amelishikilia, ingawa mkono wenyewe ulikuwa umebaki umeshikwa na ngozi tu begani. Elina ndiye aliyevibandua vidole vile kutoka kwenye chuma, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kidole alisema Salamu Maria. Matanga yalipoondolewa alisimama mbele ya ukoo, akaichukua fimbo ya marehemu na kumpa Bundala, mtoto pekee aliyebakiwa naye.

"Fimbo ya baba yako hii," alimwambia. "Kaya ni yako. Atakayeingia ataingia kwa neno lako."

Bundala alikuwa fundi simu mjini, hakuweza kuacha kazi aje kulinda ng'ombe. Akaleta kamera inayotumia laini na jua, akaifunga kwenye nguzo ya geti. Ina macho, alimwambia mama yake, ina masikio, na mdomo pia. Nikiongea huko Bariadi, nasikika hapa getini.

Lakini adhuhuri ilikuwa inapotea. Wakabadilisha kadi ya kumbukumbu. Wakaongeza bando. Wakaihamisha kutoka nguzo ya kulia kwenda ya kushoto, maana Bundala alidhani bati la zizi linazuia mtandao. Siku mbili tatu za kwanza za kuhangaika, Elina hakuona ajabu. Kisha akaanza kumtazama mbwa. Muda mfupi kabla simu haijaita kutoka Bariadi, mbwa aliinuka, akatambaa kwa tumbo hadi nyuma ya ghala, akaficha uso kwenye mavumbi. Na getini palikuwa na harufu. Ilikuwa kama ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoanikwa juani kabla haijakwanguliwa nyama.

"Shida, unasikia harufu?"

"Nasikia, mayu," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Labda kuna panya kafia kwenye minyaa."

Alitafuta panya. Hakumpata.

Siku iliyofuata Bundala alikuja alfajiri, akabadilisha laini ya kamera kwa kampuni nyingine, akarudi Bariadi kwa pikipiki. Adhuhuri ile Elina alikuwa uani, amepiga magoti kwenye turubai, anachambua pamba. Akamwona mbwa akitambaa. Akanusa. Alitazama geti na hakuona mtu. Jua lilikuwa linachemsha hewa mpaka nguzo zinacheza. Halafu akasikia fimbo ikigonga nguzo mara mbili.

Januarius alikuwa akigonga hivyo. Hata akitoka kisimani tu, aligonga nguzo mara mbili, akakohoa, akasema, "Hodi hapa kwangu," na mkewe alikuwa akimcheka kwamba yeye ndiye mwanamume pekee wa Lalago anayepiga hodi nyumbani kwake.

Kikohozi kikasikika.

"Hodi hapa kwangu."

Pamba ilimdondoka Elina mikononi. Alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, kamera ilisema kwa sauti ya mwanawe, sauti iliyojaa machozi:

"Karibu, baba. Pita ndani."

Komeo likajivuta lenyewe. Geti likafunguka taratibu, kama anavyofungua mtu mzima asiye na haraka, na harufu ile ikapita pembeni ya Elina, karibu kiasi cha kupeperusha kanga yake, ikaingia nyumbani.

Alimpigia mwanawe.

"Bundala, umemwambia nani karibu?"

"Picha ilikatika, mama, ila sauti ilikuwepo. Nilimsikia baba." Alikuwa analia. "Ningefanyaje? Ningemwacha getini?"

"Baba yako tumemzika."

"Najua tumemzika!"

Kisha Bundala akapenga kamasi, akasema kwa sauti ya kufanya kazi, "Lakini ona, mama, picha imerudi. Laini mpya ni nzuri. Haitasumbua tena."

Kweli haikusumbua tena. Tangu siku hiyo kamera haikupotea hata mara moja, na hapo ndipo Elina alipoelewa. Kilichokuwa kinaiziba adhuhuri zile zote ni kitu kilichokuwa kinakuja kusimama mbele yake, kikingoja ruhusa. Sasa hakikuwa na sababu ya kusimama getini.

Kilianza na mbwa. Walimkuta nyuma ya ghala amefunguliwa kama gunia, kutoka kooni hadi mkiani, na hapakuwa na damu, ila ulimi wake ulikuwa umefungwa fundo. Kesho yake ndama alipatikana zizini kichwa kikitazama mgongoni. Shida hakufanya tena utani. Alisema kwa kunong'ona, huku akitazama mlango wa nyumba, "Mayu, mimi naomba niende kwetu Kimali."

"Nenda, baba. Nenda sasa hivi, usichukue hata nguo."

Alifika getini. Elina alimwona akinyanyuliwa. Alinyanyuliwa kwa mkono mmoja, ule wa kulia, kama mtoto anayevushwa dimbwi, na mkono ukazungushwa, ukazungushwa tena pale pale ulipokuwa umekwisha kugota, hadi mfupa ukatokeza begani ukiwa mweupe, na Shida alikuwa bado anapiga kelele alipotupwa katikati ya minyaa, akabingirishwa humo huku na huko kama mtu anavyoponda nyanya, matawi yakivunjika na utomvu mweupe, ule unaopofusha, ukimmiminikia usoni. Majirani walimtoa. Alipona mkono kwa kiasi. Macho hayakupona.

Katekista Marcelo alikuja na maji ya baraka. Alikuwa mzee mpole, ndiye aliyemzika Januarius. Alinyunyiza sebuleni, akanyunyiza jikoni, na alipoufikia mlango wa chumba cha Elina alianza Baba Yetu. Hakufika kwenye mkate. Mchi wa kinu uliokuwa umeegemezwa ukutani uliinuka, ukampiga mdomoni, akaanguka na meno yake mkononi. Na kutoka chumbani, kitandani kabisa, upande wa ukutani aliokuwa akilala Januarius, sauti ya Januarius ikasema bila hasira:

"Mimi ni mgeni. Nilipiga hodi, nikajibiwa."

Marcelo aliburutwa hadi nje na Elina. Alitema damu, akazungumza kwa shida.

"Elina, huyo si mumeo. Ni jini, na jini ni mwongo, lakini hapo hajadanganya. Nitamtoaje kwa maji ya baraka mtu aliyeambiwa pita ndani? Neno limetoka kwa mwenye kaya. Aliyemkaribisha amsindikize."

"Na akigoma kwenda?"

"Mgeni akiagwa vizuri huenda. Ila unajua desturi. Mwenyeji hageuki mpaka mgeni mwenyewe aseme, 'Inatosha, rudi.'"

Bundala alikuja. Alipouona uso wa Marcelo na minyaa iliyopondeka alipiga magoti mbele ya mama yake, na Elina akamwinua. Adhuhuri, fimbo ya baba yake mkononi, alisimama kwenye mlango wa chumba.

"Mgeni wetu," alisema, "umekaa nasi vya kutosha. Njoo nikusindikize."

Kitanda kililia, kama kinavyolia mtu mzito akiamka.

Wakatoka. Bundala alitembea mbele na pembeni yake vumbi lilikuwa likiinuka bila miguu. Elina alifuata nyuma na rozari, na Marcelo akafuata Elina, kitambaa mdomoni. Watu waliokuwa mashambani waliona msafara wa watu watatu walioacha nafasi ya mtu wa nne, wakaweka majembe chini wakaingia ndani. Walipita mashamba ya pamba, wakapita lambo lililokauka, na kila Bundala alipopunguza mwendo kitu kilimpiga kwenye miundi, fyaa, fyaa, hadi suruali ikachanika na damu ikajaa viatu. Hakuambiwa rudi. Walifika kwenye korongo ambalo ndilo mpaka wa eneo lao, na watu wa huko wote husindikiza mgeni hadi hapo, si zaidi. Bundala alisimama ukingoni akisubiri.

"Mbona umesimama?" iliuliza sauti ya baba yake. "Unaniacha niende peke yangu, mwanangu? Nishike mkono."

Na mkono wa kushoto wa Bundala ukainuka wenyewe mbele yake, ukashikwa, na Elina akasikia mifupa yake ikivunjika mmoja mmoja kama vijiti vya kuwashia moto, na mwanawe akivutwa kwenye ukingo, visigino vikichimba mifereji kwenye udongo, akilia "Mama, mama," wakati sauti ile nyingine, aliyolala pembeni yake maisha yake yote ya ndoa, aliyoisubiri kila siku tangu msiba kwa aibu ambayo hakuwahi kuiungama, ikageuka sasa ikamwita yeye, kwa upole, ikasema, "Elina, mke wangu, njoo na wewe, tuwe wote," na miguu yake, Mungu amsamehe, ikapiga hatua moja kwenda mbele.

Akaliona komeo. Hakuliona kwa macho. Aliona vidole alivyovibandua kwa mikono yake, mtu aliyekubali kukatwa vipande lakini asifungue geti.

"Januarius alikufa ili pasiingie mtu," alisema. "Asingeniita nitoke."

Aliruka akaikamata fimbo mkononi mwa mwanawe.

"Fimbo hii niliitoa mimi, na mimi naichukua! Mwenye kaya ni mimi, na mimi sikukwambia karibu! Kwa jina la Yesu, neno la mtoto nimelifuta!" Akaivunja kwenye goti lake. "Bundala! Mimi ndiye nakwambia: inatosha, rudi!"

Kitu kilimpiga Elina kwenye shavu, akaona weupe, na jicho lake la kushoto halikuona kingine tena tangu hapo. Lakini alikuwa amemkumbatia mwanawe kiunoni, Marcelo amemkumbatia yeye, wakavuta. Mkono wa Bundala ulitoka. Vidole viwili havikutoka nao. Chini korongoni vumbi lilizunguka, likawa nguzo ndefu kuliko miti, likaondoka kuelekea mbugani, na njia nzima lilikuwa linakohoa.

Walirudi. Nyumba ilikuwa na harufu ya nyumba. Misa ilisomwa sebuleni, Shida akaletwa kwa kushikwa mkono, akaketi karibu na Elina, jicho moja kati yao wawili, na kwa mara ya kwanza akatania tena: "Mayu, sasa sisi wawili tumetosha mchungaji mmoja." Bundala aliacha kazi mjini. Alitaka kuichoma kamera.

"Iache," Elina alimwambia.

"Mama, ndiyo iliyotuletea!"

"Iache palepale. Bila hiyo tutajuaje?"

Bundala hakuuliza watajuaje nini.

Pamba iliuzwa, mvua zikanyesha, zikakatika. Kamera ilikuwa hewani asubuhi, adhuhuri na usiku, na Bundala akaizoea kazi ya kushika simu kwa mkono uliobaki mzima. Siku moja walikuwa sebuleni, wanakula viazi vikavu na maziwa, jua likiwa utosini. Simu ililia kidogo mezani. Bundala akaitazama, akaacha kutafuna.

Kamera haikuwa hewani.

Hakuna aliyeinuka. Shida, asiyeona, aliinua pua, akanusa harufu ile. Nje, fimbo ambayo Elina aliivunja kwenye goti lake iligonga nguzo mara mbili. Kikohozi kikafuata.

"Hodi hapa kwangu."

Elina alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Sauti ikasubiri, nao wakasubiri. Ikapiga hodi tena, na safari hii ilikuwa imechoka, ina kiu, ni sauti ya mume aliyetembea mbali kwenye jua, na Elina akauingiza msalaba wa rozari kati ya meno yake, akaung'ata kwa nguvu zake zote, ili na mdomo wake mwenyewe usije ukafunguka.